Likizo ya Mchango

Mimi ndiye niliyeiandika ile sifuri.
Haikuwa kazi. Duara moja, kalamu haikwami popote,
katika safu ya mwajiri, Aprili mwaka ule
barafu ya ziwa ilipokuwa ikipasuka usiku
kama mbao zinazovunjwa na mtu mwenye hasira.

Safu ya kushoto: Thordis Finnbogason,
dereva wa greda la theluji. Tisa kwa kila mia. Imekatwa.
Safu ya kulia: Mji wa Eyvik. Tisa kwa kila mia. Imelipwa.
Ndiyo yalikuwa mapatano tangu enzi za karani aliyenitangulia,
marehemu Waschuk, aliyebana karatasi kwa vibanio vya nguo:
wewe tia, nami nitie,
uzee ukifika tusipeane kisogo.

Kisha akaja mkokotozi kutoka Winnipeg,
viatu vya ofisini, soksi zimelowa,
akasema mfuko wetu umefura,
umejaa pomoni, mwajiri aweza kupumzika.
Jambo hilo lina jina, alisema. Likizo ya mchango.
Nilikuwa najua likizo ya uzazi, likizo ya ugonjwa.
Sikujua kwamba ahadi nayo huchoka.

Mji ukapumzika miaka sita.
Thordis, safu ya kushoto, hakupumzika hata wiki mbili.
Saa tisa za usiku, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
chini hata ya ile yangu,
analiamsha greda, analisemesha Kiaislandi kama ng'ombe mkaidi,
anafungua barabara ya shule, ya zahanati, ya makaburini,
na kila Ijumaa ya pili naikata tisa yake.
Haba na haba, wanasema.
Kibaba hawasemi ni cha nani.

Kwa fedha zilizopumzika tulijenga paa la uwanja wa barafu.
Paa zuri. Sitasema uongo.
Mjukuu wake alijifunza kuteleza chini yake,
aling'oka jino la mbele chini yake,
na Thordis akapiga makofi kuliko wote.

Masoko yakaanguka. Akaja mkokotozi mwingine,
viatu vilevile, akasema mfuko una tundu,
na baraza likaitisha mkutano ghorofani, juu ya uwanja:
wafanyakazi sasa watoe kumi na moja.
"Tubebane," alisema Meya Delorme.
Nikautazama mgongo wa Thordis,
ulivyopinda kuufuata usukani,
nikajiuliza ni kiinua mgongo gani kitakachouinua ule.

Akasimama. Hakuwa na karatasi mkononi.
"Kumi na moja sikatai," alisema,
"ila nami naidai likizo yangu kwanza. Miaka sita.
Naanza usiku huu. Redio inasema sentimita arobaini."

Hakuna aliyecheka. Chini yetu watoto walikuwa wakicheza,
kisahani cha mpira kikagonga ubao,
kikagonga tena.

Nililala masikio wazi. Saa tisa, kimya.
Saa tisa na nusu, kimya, theluji ikishuka bila kuuliza mtu.
Saa kumi nikasikia chuma kikikwaruza lami
mbali, upande wa zahanati,
nikashusha pumzi ambayo sikujua nimeibana.

Asubuhi mji mzima ulikuwa wazi.
Mbele ya lango langu tu
lilibaki tuta, limepangwa kwa uangalifu,
limenifika kiunoni.

Nikatoa beleshi.
Saa mbili ilinikuta mgongo unawaka moto
na tuta halijafika nusu.
Jirani alipita akaniuliza kama nataka msaada.
Nikamwambia hapana, hii ni ya safu yangu.
Redio yake, ndani ya gari,
ilikuwa ikisema usiku itaanguka tena.